Bilionea, Mama wa Dagaa au Dada Aliyemaliza Juzi: Mwanafunzi Amtazame Nani?

Kila mwaka, wiki mbili tatu kabla muhula haujafungwa, viongozi wa klabu ya ujasiriamali hapa chuoni hunifuata ofisini na karatasi yenye majina. Mimi ndiye mlezi wao, na barua ya mwaliko haitoki bila saini yangu. "Mwalimu, safari hii tumwite nani?" Jina la kwanza huwa ni la tajiri ambaye hata mlango wa katibu wake hatuujui. La pili ni la mtu mwenye wafuasi wengi Instagram. La mwisho, mara nyingi limeandikwa kwa penseli, ni la dada au kaka aliyehitimu hapa hapa mwaka juzi na sasa anatengeneza kitu, anakiuza.

Zamani nilikuwa nakata majina kuanzia chini. Wa penseli ndiye aliyefutwa kwanza. Siku hizi naanza juu. Sijafika hapo kwa siku moja, na yapo mazingira ambayo bado nitamtaka yule tajiri, kwa hiyo nimeona niwaweke wote meza moja. Anayeandaa siku ya ujasiriamali shuleni kwake itamsaidia. Mwanafunzi anayejiuliza amfuate nani, baba yake au yule wa kwenye simu, itamsaidia pia.

Kwanza, tukubaliane mtu wa mfano anafanya kazi gani. Mtafiti Niels Bosma na wenzake wa Uholanzi walichapisha mwaka 2012 utafiti wa watu 292 waliokuwa wameanzisha biashara karibuni. Asilimia 54 walisema walikuwa na mtu waliyemtazama. Watafiti wakaona kuwa mtu huyo hufanya mambo manne: kuwasha hamu, kumtia mwenzake imani kwamba naye anaweza, kumwonesha namna kazi inavyofanyika, na kumshika mkono inapokwama. Kilichonivutia zaidi ni kwamba wengi wa watu hao wa mfano hawakuwa majina makubwa ya magazetini. Walikuwa watu wa karibu: ndugu, rafiki, mtu waliyefanya naye kazi, mara nyingi wa jinsia moja na mwenye biashara kama hiyo hiyo.

Basi swali la "nani bora?" peke yake halijibiki. Kwanza ujue mwanafunzi wako amepungukiwa nini kati ya hayo manne.

Tajiri wa kwenye skrini

Tuanze na wakubwa, maana hao ndio wanaojaza ukumbi. Said Salim Bakhresa aliacha shule akiwa na miaka 14, akauza mchanganyiko wa viazi, akafungua mgahawa miaka ya 1970, akaingia kwenye kusaga nafaka. Leo jina la Azam liko kwenye unga, juisi, boti za Zanzibar, televisheni na timu ya mpira. Reginald Mengi, aliyefariki Mei 2019, alianza kwa kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake wakati kalamu zilikuwa adimu madukani, akaishia kuwa na viwanda, magazeti na ITV. Nyuma yao yupo Mohammed Dewji, mzaliwa wa Singida, aliyesoma Georgetown kule Marekani na kurudi kuikuza kampuni ya familia.

Ukitaja hadithi hizi darasani unaona macho yanang'aa. Hamu inawaka, na nisingependa kuidharau. Kijana wa kidato cha pili ambaye kwao hakuna aliyewahi kuuza hata karanga anahitaji kusikia kwamba mtu aliyeanza na viazi anaweza kumiliki vinu.

Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa, na sehemu ya kuunda ndiyo inayorukwa. Wanafunzi wangu wote wanazijua kalamu za Mengi. Wachache sana wanajua kwamba wakati anaziunganisha alikuwa tayari mhasibu mkubwa katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers & Lybrand, mtu anayejua vitabu vya hesabu vya kampuni nyingi na anayefahamiana na mabenki. Kwa Dewji wanakumbuka utajiri, hawakumbuki kwamba baba yake alikuwa ameshajenga biashara kabla yeye hajarudi. Hizo siyo dosari za watu hao. Dosari iko kwenye hadithi tunayoisimulia: tunachukua hatua ya kwanza na ya mwisho, katikati tunaruka, halafu tunamwambia mtoto "na wewe unaweza".

Kuna jaribio moja la Kanada ambalo huwa nalirudia kila ninapobishana na viongozi wa klabu. Penelope Lockwood na Ziva Kunda, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1997, waliwasomesha wanafunzi wa uhasibu habari za mwanafunzi mwenzao wa mwaka wa nne aliyefanya vizuri mno. Wa mwaka wa kwanza walipanda moyo, wakajiona bora zaidi kuliko wale ambao hawakusoma. Wa mwaka wa nne, habari ile haikuwapandisha. Maelezo yake ni rahisi: wa mwaka wa kwanza bado ana muda wa kumfikia, lakini wa mwaka wa nne anaona gari limeshaondoka.

Hapa kwetu naliona jambo hilo kila Mei. Wa mwaka wa kwanza akitoka kwenye hotuba ya mtu mkubwa anatoka anaimba. Wa mwaka wa tatu anatoka kimya. Boom, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, linakatika mwezi ujao, chumba cha hosteli anatakiwa kukiacha, nyumbani wanamsubiri na joho lake, na huyu mzee amemaliza kueleza namna alivyonunua kiwanda cha tatu.

Cha kuangalia zaidi kimetokea Dar es Salaam. Miaka ya mwanzo ya 2010 kulikuwa na kipindi cha televisheni cha Ruka Juu, kazi ya shirika la Femina Hip, kilichoonesha vijana wajasiriamali wakishindana na kujifunza biashara. Hawakuwa mabilionea, walikuwa vijana wa kawaida kabisa, na kipindi kilitengenezwa kwa akili. Mtafiti Kjetil Bjorvatn na wenzake walifuatilia wanafunzi zaidi ya elfu mbili wa sekondari, wengine wakihamasishwa kukitazama, wengine wasihamasishwe. Waliona dalili kwamba watazamaji walivutiwa zaidi na biashara, hasa wasichana. Pamoja na hilo wakaona jambo ambalo hakuna aliyelipanga: kipindi kiliwapunguzia wanafunzi ari ya kuendelea na masomo, na hapakuwa na ushahidi wa kutosha kwamba walipata shughuli nyingine ya maana badala yake.

Mwalimu mwenzangu, lisome tena hilo. Hamu ilipanda. Kama kipimo chetu kingekuwa kuhesabu mikono baada ya swali la "nani anataka kuwa mjasiriamali?", tungepiga makofi na kufunga mkutano. Kumbe mtoto amepewa hamu bila njia, na hamu hiyo imeanza kula daftari lake la shule.

Kwa hiyo tajiri ana nafasi yake: mapema, na asiwe peke yake.

Wa nyumbani

Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Wazee walilijua hili kabla ya takwimu, lakini takwimu nazo zipo. Watafiti watatu, Lindquist, Sol na Van Praag, walitumia kumbukumbu za Sweden za watoto walioasiliwa, ili watenganishe kinachorithiwa kwenye damu na kinachopatikana kwa kulelewa. Katika kazi yao ya mwaka 2015 waliona kwamba mzazi mwenye biashara huongeza uwezekano wa mtoto kuwa na biashara kwa takriban asilimia 60, na mchango wa malezi ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa kuzaliwa. Mtoto hazaliwi nayo biashara yote. Anaiona mezani wakati wa chakula cha usiku.

Anayekaa Tanzania hahitaji kwenda Sweden. Duka la mtaani linaitwa "kwa Mangi", yaani kwa Mchaga, hata kama mwenye duka siku hizi ametoka Njombe. Kwa Wakinga, watu wa huko Njombe, kijana huletwa mjini na ndugu, anakaa dukani miaka kadhaa akipanga mzigo na kufunga hesabu, na akiaminika anasaidiwa kufungua lake. Hakuna anayeuita mpango huo kozi ya ujasiriamali, ila mambo manne ya yule Mholanzi yamo yote, pamoja na kushikwa mkono, msaada ambao hakuna mgeni wa siku moja anayeweza kuutoa.

Tatizo la mtu wa mfano wa nyumbani ni kwamba mwanafunzi hamwoni. Kuna binti nilimfundisha, kwao Mwanza, mama yake anauza dagaa pale mwaloni Kirumba. Siku moja tulikuwa tunajadili bei na msimu, darasa zima likiwa limeganda kwenye michoro ya ubao, yeye akaeleza kwa utulivu kwamba kwao bei inafuata mwezi. Usiku wa giza wavuvi wanawasha taa, dagaa wanakuja, mzigo unajaa, bei inashuka. Mbalamwezi ikiwaka taa hazina kazi, mitumbwi inapumzika, bei inapanda. Mama yake alikuwa ananunua gizani, anakausha, anauza mwezi ukiwa mkubwa. Nilimwuliza kwenye fomu yake ya klabu kwa nini pale penye "mjasiriamali unayemfahamu" ameandika jina la tajiri wa Nigeria.

"Mama? Mwalimu, mama anauza dagaa tu."

Nimelifikiria neno hilo "tu" kwa muda mrefu. Tumewafundisha kwamba mjasiriamali ni mtu mwenye suti na projekta. Mwanamke anayecheza na mzunguko wa mwezi kwa faida, aliyelipa ada ya shule kwa ndoo na gunia, hayumo kwenye fomu.

Dosari nazo zipo, na si ndogo. Mtoto wa duka huona madeni pamoja na faida. Kama baba alifilisika, au kama biashara ilikuwa ni ugomvi wa kila usiku, mfano huo huo unamfukuza. Wapo wanafunzi wangu wanaotaka ajira ya serikali kwa nguvu zote kwa sababu wanaijua biashara vizuri mno. Pili, wa nyumbani humfundisha mtoto biashara ile ile, kwa namna ile ile, mara nyingi bila vitabu vya hesabu. Na tatu, si kila mtu anaye. Mtoto wa mwalimu na mtoto wa askari wanaweza kumaliza chuo bila kuwahi kumwona mtu anayeamka asubuhi asijue mwezi huu ataingiza shilingi ngapi.

Aliyemaliza juzi

Sasa yule wa penseli.

Mwaka mmoja bajeti ya klabu ilikuwa imeliwa na fulana, tukabaki na fedha ya nauli ya mtu mmoja tu. Tukamwita dada aliyehitimu miaka miwili nyuma, anayetengeneza siagi ya karanga jikoni kwa shangazi yake. Hakuja na projekta. Alikuja na mfuko wa makopo manne na daftari la kaunta lenye jalada lililolowa mafuta. Akaomba chaki.

Akaandika ubaoni: karanga kilo 10, kwa 3,500, ni 35,000. Ukikaanga, ukapepeta maganda na kutoa mbovu, inabaki kilo nane na nusu hivi. Makopo 21 ya gramu 400. Kopo na lebo 600, jumla 12,600. Kusaga 4,000. Gesi 3,000. Mstari chini: 54,600, yaani kila kopo limemgharimu 2,600. Dukani anapeleka kwa 3,500. Makopo yote 21 ni 73,500. Toa gharama, 18,900. Toa bodaboda wa kusambaza, 6,000. Akazungushia duara: 12,900.

Ukumbi ulikuwa umetulia namna ambayo sijaiona kwa mgeni yeyote mwenye gari. Kisha kijana mmoja wa nyuma akasema, "Dada, na mshahara wako uko wapi hapo?"

"Bado haujafika," akajibu, na watu wakacheka. Halafu akawaambia lililo baya zaidi: kati ya hizo 73,500, fedha iliyokuwa mkononi ni ya maduka mawili tu. Mengine alikuwa amewapa mali kauli, na mmoja wa wenye duka alikuwa amehama.

Baada ya hapo maswali hayakuisha. Kwa nini usinunue gunia zima msimu wa mavuno? Ndicho alichokuwa anakifanya mwaka huo: anakwenda Dodoma mwezi wa sita, karanga zikiwa za bei ya chini, anahifadhi. Lebo ulichapisha wapi? Nembo ya TBS, ya ubora, uliipataje? Alianzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakampa barua. Jina la biashara ulisajili? Ndiyo, kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa simu, na alieleza alivyokosea mara ya kwanza. Uliwezaje kuacha kutafuta kazi? Hakuacha. Alikuwa bado anaomba kazi. Hilo nalo lilikuwa jipya kwa wengi, kwamba inaruhusiwa kufanya vyote viwili.

Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza tangu miaka ya 1970 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hujengwa, pamoja na mambo mengine, kwa kumwona mtu anayefanana naye akifaulu. Kufanana ndiko kunakobeba uzito. Dada yule alikaa hosteli ile ile, alikula kwa mama lishe yule yule, alirudia somo lile lile la takwimu. Hakuna aliyeweza kujitetea kwa kusema "yeye ana bahati, mimi sina".

Ushahidi mzuri zaidi niujuao wa aina hii umetoka Chile. Katika mafunzo ya wafanyabiashara wadogo, baadhi ya madarasa yalitembelewa na mtu aliyepitia mafunzo hayo hayo na kufanikiwa. Ziara moja tu. Jeanne Lafortune na wenzake walipopima baada ya mwaka, kaya za madarasa yaliyotembelewa zilikuwa na kipato kikubwa zaidi. Msaada wa mshauri anayekaa na kila mtu peke yake nao ulisaidia, lakini gharama yake ilikuwa kubwa kuliko nauli ya mgeni mmoja. Kwa klabu zetu zinazoishi kwa michango ya elfu mbili mbili, hiyo ni habari njema.

Kwetu hapa mfano wa kutazama upo Morogoro. SUGECO ni ushirika ulioanzishwa na wahitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, na kazi yake ni hiyo hiyo: waliotangulia kidogo wanawavuta wanaofuata kwenye kilimo biashara, kwa vitendo badala ya hotuba.

Tahadhari mbili, ya kwanza ndogo. Aliyemaliza juzi anaweza kuwa bado kwenye fungate. Biashara ya miezi mitano haijapita msimu mbaya, haijakutana na watu wa kodi wa TRA, haijaibiwa. Nataka angalau mwaka mmoja na nusu.

Ya pili inanikosesha usingizi. Wapo vijana wanaorudi chuoni wakiwa na viatu vipya na maneno matamu, na biashara yao ni wewe: ulipe kiingilio, ulete wawili, nao walete wawili. Hao wanafanana na mwanafunzi kwa kila kitu, ndiyo maana ni hatari kuliko tapeli mwenye mvi. Swali langu kwa kila mgeni kabla ya kusaini barua ni moja: mwanafunzi asipojiunga na lolote wala kununua chochote leo, wewe unakula wapi? Anayenijibu kwa kunionesha wateja wake, karibu. Anayeanza kuniuliza kama mimi nina ndoto, namsindikiza getini.

Aliyefunga

Huyu hayumo kwenye karatasi ya mtu yeyote. Nani atamwita aliyeshindwa?

Josh Lerner na Ulrike Malmendier walitazama wanafunzi wa shule ya biashara ya Harvard, ambao hugawanywa kwenye madarasa bila wao kuchagua. Baadhi ya madarasa yalijikuta na wenzao wengi waliowahi kuendesha biashara zao. Ungetegemea madarasa hayo yazae wajasiriamali wengi zaidi. Yalizaa wachache. Ila waliopungua ni wale ambao biashara zao zingekufa, waliofaulu hawakupungua. Inaelekea aliyewahi kuungua alikuwa analisikiliza wazo la mwenzake kwenye meza ya chakula na kumwambia mapema lilipovuja.

Kumbukeni homa ya kwale Kenya, mwaka 2013 na 2014. Kila mtu alikuwa na mtu wa mfano: jirani aliyeuza mayai ya kwale kwa bei ya ajabu, yakisifiwa kutibu kila ugonjwa. Watu wakajenga mabanda. Waliotajirika ni walioingia mapema, wakauza vifaranga na mayai ya kuangulia kwa waliokuja nyuma. Kisha mayai yakazagaa, bei ikaporomoka, mabanda yakabaki. Pale mifano ya kuigwa ilikuwa tele. Aliyekosekana ni mtu mmoja wa kuuliza: ukiondoa wafugaji wapya, mteja ni nani?

Mwaka juzi nilimleta mtu aliyefunga mradi wa kuku wa nyama. Alikuja kwa shingo upande. Alieleza kundi la kwanza lilivyouzika wiki ya sita, watu wakampongeza, akakopa, akaweka kuku mara nne ya mwanzo, kideri kikaingia wikendi moja. Alipofika sehemu ya kuwachimbia shimo alinyamaza, akanywa maji. Hakuna aliyechezea simu.

Wiki iliyofuata wanachama sita walinifuata kubadili mipango yao. Wawili waliacha kabisa. Kwa hesabu za mikono, nilikuwa nimeharibu siku ya ujasiriamali.

Usimlete, hata hivyo, kwa watoto wa sekondari ambao hawajaonja hata faida ya mia tano. Kuuzima moto ambao haujawashwa ni kazi bure. Na usimlete mtu ambaye jeraha bado bichi. Atalia au atalaumu watu, na vyote viwili havifundishi.

Mhamasishaji

Kwa ufupi: kama biashara yake pekee ni kuhamasisha, mwache aje kwenye mahafali.

Ukiwaweka pamoja

| Mtu wa mfano | Anachotoa vizuri | Anachokosa | Mlete kwa |
|---|---|---|---|
| Tajiri mkubwa | Hamu | Njia, na hatua za katikati | Sekondari, mwaka wa kwanza |
| Wa nyumbani | Namna, mkono, wakati mwingine mtaji | Upya. Na haonekani kirahisi | Wote, ila wafundishwe kumtazama |
| Aliyemaliza juzi | Imani, na hesabu halisi | Umri wa biashara | Mwaka wa pili na wa tatu |
| Aliyefunga | Macho ya kuona shimo | Hamu | Wenye wazo tayari mkononi |

Jedwali halisemi jambo moja: jinsia. Bosma aliona watu huchagua wa kufanana nao, na kwenye Ruka Juu waliovutiwa zaidi ni wasichana. Klabu yetu ina wasichana zaidi ya nusu, lakini karatasi ya majina ninayoletewa mara nyingi huwa na wanaume watatu kati ya watatu. Wanawake si adimu kiasi hicho. Susan Mashibe ni rubani na fundi wa ndege aliyeanzisha kampuni ya kuhudumia ndege binafsi hapa hapa Dar es Salaam. Kenya, Nzambi Matee anatengeneza matofali ya kutandaza chini kutokana na taka za plastiki, na Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo mwaka 2020. Kama huwapati hao, mama wa dagaa anapatikana kwa simu.

Ningekuwa mwalimu wa sekondari mwenye kipindi kimoja kwa muhula, ningeoanisha: dakika kumi za hadithi ya mkubwa, muda uliobaki wa mama mwenye genge jirani na shule, na ningemwomba aje na bei za jana. Kisha ningewaambia watoto wazi kwamba hakuna aliyeacha shule leo. Utafiti wa Ruka Juu umenifundisha kwamba sentensi hiyo haitakiwi kuachiwa bahati.

Na ningekuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ningemtafuta mtu aliye hatua mbili mbele yangu, si ishirini, nimwombe Jumamosi tatu za kubeba mzigo wake. Anayejaa maneno akiwa jukwaani hubadilika akiwa anahesabu chenji. Pale ndipo utajua kama maisha yale unayataka. Wengine wanaona hawayataki, wakaenda kuajiriwa wakiwa na amani, na mimi sihesabu hao kama hasara ya klabu.

Karatasi ya mwaka huu ililetwa Jumanne. Juu kabisa palikuwa na tajiri, kama kawaida. Nimempigia dada wa siagi. Sasa ana msaidizi mmoja, na karanga zake zinatoka Dodoma kwa gunia. Nauli na chakula ni 25,000, klabu inayo. Nilimwomba aje na lile daftari lenye mafuta, akasema lilishajaa. Atakuja na la pili, lile la waliomkopa.